Njia Iliyokamilika Mara Mbili



Tarehe 14 Agosti 1937, katika jimbo la Maine, lililo pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani mpakani mwa Kanada, kundi la vijana wa lile jeshi la kazi lililoundwa na serikali ya Rais Roosevelt ili kuwapatia riziki wasiokuwa na ajira, lilimaliza kufyeka na kusawazisha kipande cha maili mbili hivi baina ya mlima Spaulding na mlima Sugarloaf. Na kwa kumalizika kipande hicho, njia ya waendao kwa miguu, iliyokuwa ikiungwa viraka viraka tangu miaka 15 iliyotangulia, ikawa njia moja iliyoshikana, ikipita juu ya migongo ya milima ya Appalachian katika majimbo 14, kutoka Georgia iliyoko kusini hadi kilele cha mlima Katahdin humo Maine. Leo urefu wake ni maili 2,190 na ushei, yaani kilomita zipatazo 3,500, na haina lami, wala reli, wala taa. Ni ujia tu wa upana wa mtu mmoja na mzigo wake.

Mwaka mmoja na ushei baadaye, tufani kuu la Septemba 1938 likaiangukia New England na kulaza misitu yake chini. Huko Virginia barabara za magari zilizokuwa zikijengwa juu ya migongo ileile ya milima zikaisukuma njia kando. Kisha vikaja vita, vijana wakaenda vitani, petroli ikagawiwa kwa kipimo, na waliobaki wakawa hawana namna ya kufika milimani siku za mapumziko. Hata mwaka 1948, askari mmoja aliyerejea kutoka Pasifiki, Earl Shaffer, alipotembea kutoka ncha hadi ncha kwa safari moja, jambo ambalo halikuwahi kuripotiwa na mtu yeyote kabla yake, alikuta mahali pengi njia imemezwa na magugu, alama zimefutika, na miti imelala juu yake kama iliyotupwa kwa makusudi. Ilipasa kuanza tena, na mwaka 1951 ndipo ilipotangazwa kwa mara ya pili kwamba njia imekamilika.

Jambo linaloweza kukamilika mara mbili ndani ya miaka 14 lina tabia yake ya pekee, nayo ndiyo iliyonifanya nilichague kuwa maudhui ya mazungumzo haya. Njia ya porini hutengenezwa, kisha hutengenezwa, kisha hutengenezwa. Na wanaoitengeneza hii, tangu mwanzo wake hata sasa, wengi wao hawalipwi ijara.

Ukiuliza huko Marekani ni nani aliyeizua, utatajiwa jina la Benton MacKaye, na jibu hilo ni la haki. Alikuwa bwana misitu, aliyesoma Harvard, mtu mwenye fikra pana na mfuko mwembamba, ambaye mwaka 1921, mwaka uleule aliofiwa na mkewe, aliandika katika jarida la wasanifu wa majengo pendekezo la njia ndefu ya milimani, ambayo kandokando yake pangekuwa na makambi, vijiji vya ushirika na mashamba, ili watu wa mijini waliochoshwa na viwanda na moshi wapate mahali pa kupumua na kufanya kazi kwa hiari yao. Mashamba hayo hayakuonekana. Vijiji navyo havikuonekana. Iliyoonekana ni njia peke yake, nayo haikuletwa milimani na kalamu ya MacKaye, bali ililetwa na watu ambao majina yao hayatajwi mara nyingi sana: jaji mmoja wa Hartford aliyeitwa Arthur Perkins, ambaye aliliokota jambo hili lilipokuwa limelala, na baada yake Myron Avery.

Huyu Avery, mzaliwa wa Maine, alikuwa mwanasheria wa mambo ya bahari aliyefanya kazi serikalini mjini Washington, na kuanzia 1931 hadi 1952, mwaka aliofariki akiwa na umri wa miaka 52 tu, alikuwa mwenyekiti wa muungano wa vyama vyote vinavyoishughulikia njia, ulioitwa wakati ule Appalachian Trail Conference, ulioasisiwa mwaka 1925. Alikuwa na desturi ya kutembea milimani akisukuma mbele yake gurudumu lenye kipimo cha masafa, akaandika kila chemchemi, kila kona na kila kivuko, na hadi kufika 1936 alikuwa amekwisha kuikanyaga njia nzima, kipande kwa kipande, kabla ya binadamu mwingine yeyote. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Barua zake zilikuwa nyingi kuliko uvumilivu wa waliozipokea, na mwaka 1935 aligombana na MacKaye ugomvi usiosuluhika, kwa sababu ya barabara ya magari iliyokuwa ikipasuliwa juu ya mgongo wa Shenandoah huko Virginia: MacKaye aliiona kuwa ni kuunajisi mlima, na mwaka huohuo akashirikiana na wenzake kuanzisha jumuiya ya kuyatetea mapori, Avery akaona kwamba barabara itajengwa wapende wasipende, na kwamba kazi iliyobakia ni kuihamisha njia, kuipaka alama upya na kuiunganisha. Katika hoja, naona MacKaye ndiye aliyekuwa na haki, kwani mlima uliokwisha pasuliwa haushoneki. Lakini kama ningepewa kura ya kuamua ni nani kati yao aliyeifanya njia idumu, kura yangu ningempa mtu wa gurudumu, wala nisingeona haya.

Sababu yangu ni hii. Aghalabu tunapozungumza juu ya kazi ya hiari, tunadhani kwamba hiari ni kinyume cha sharti. Kwamba mtu asiyelipwa hana budi kuachwa afanye apendavyo, siku aitakayo, kwa kadiri ya moyo wake, na kwamba kumdai hesabu ni kumvunjia heshima. Watunzaji wa njia ya Appalachian hawakufuata imani hiyo. Vyama vinavyoitunza vyapata 30, na kila kimoja kina masafa yake yaliyopimwa: cha Potomac, kilichoanzishwa mwaka 1927 na Avery mwenyewe akawa rais wake wa kwanza, kina maili 240 kutoka Pennsylvania hadi Virginia, cha Maine kina zaidi ya hizo, katika nchi yenye maziwa, tope na mbu. Chama nacho hakiyaachi masafa hayo mikononi mwa watu wote kwa jumla, maana kazi ya wote haina mwenyewe. Huyagawa vipande vya maili moja, au mbili, au tano, na kila kipande huandikwa jina la mwangalizi wake, kuanzia jabali fulani hadi kijito fulani, naye ndiye atakayeulizwa. Mwangalizi huyo huenda kwenye kipande chake mara kadhaa kwa mwaka, hutengeneza analoliweza, na lile linalozidi nguvu zake huliandikia taarifa ili likaletewe kundi kubwa. Hurejesha hesabu ya saa alizotumia, pamoja na za safari yake. Akishindwa, hupewa mwingine.

Yuko mmoja ambaye hawezi kuachwa bila kutajwa, naye ni kasisi Rufus Morgan wa North Carolina, aliyetunza peke yake kwa miaka kadhaa zaidi ya maili 50 za njia katika milima ya Nantahala, hadi mwaka 1950 akaanzisha chama cha kumsaidia. Aliishi hata akapita miaka 90, na mlima wa LeConte aliupanda zaidi ya mara 170. Ni kisa cha kustaajabisha, na husimuliwa kwa taadhima. Hata hivyo, mimi nakitazama kwa hadhari kidogo, kwa maana maili 50 chini ya mzee mmoja ni njia inayongojea siku ya mazishi yake, ilhali maili 50 chini ya watu 25 wasiojulikana na yeyote zitakuwa na mtu wa kuzifyeka mwaka ujao na mwaka wa baada yake. Kasisi mwenyewe, bila shaka, alilijua hilo. Ndiyo maana akaanzisha chama.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Msikilizaji asiyeifahamu atadhani kwamba adui mkubwa wa njia ni mti ulioanguka. Mti huonekana, humkasirisha mpita njia, na huondolewa kwa asubuhi moja. Adui hasa ni maji. Njia inapokatwa ubavuni mwa mlima, uso wake hulazwa kidogo upande wa bondeni, ili mvua ikinyesha maji yaivuke kwa upana wake na kuteremka zake, yasipate nafasi ya kuifuata. Lakini miguu ya watu huishindilia ardhi katikati, udongo na majani makavu hujikusanya ukingoni, na baada ya misimu kadhaa ukingo umekuwa kituta. Maji yakikutana na kituta hugeuka, huifuata njia, na yakisha kuionja hayaiachi. Huchukua mchanga kwanza, kisha changarawe, kisha udongo ulioshika mizizi, hata pale palipokuwa na njia pakawa na korongo la mawe matupu lisilofaa kuwekwa mguu. Hapo wapita njia hupita pembeni. Pembeni nako majani hufa, hujitokeza njia ya pili, na maji ya mwaka unaofuata huwa na makorongo mawili ya kuchagua. Sehemu kubwa kabisa ya ile njia ya 1937 imekwisha kuhamishwa au kujengwa upya, na mara nyingi sababu yake ni kwamba watangulizi, kwa haraka yao ya kufika kileleni, waliielekeza moja kwa moja juu ya mteremko, wakawachimbia maji mfereji bila ya kujua.

Dawa yake ni kazi nyonge ya mikono. Mwangalizi hukata kile kituta kwa jembe na kurudisha ulalo. Huchimba mchirizi wa mshazari na kuulaza gogo, au safu ya mawe yaliyozikwa zaidi ya nusu ya unene wake, ili maji yasukumwe nje kabla hayajapata mbio. Mahali pa mwinuko mkali hupanga ngazi za mawe, kila jiwe limeketi juu ya mguu wa jiwe lililo chini yake. Jiwe la ngazi laweza kuwa na uzito wa watu watatu, nalo huletwa kwa mitaimbo, na kwa waya na kapi likiwa mbali. Baada ya hayo yote ndipo inapoanza kazi ambayo hapana apigwaye picha akiifanya, ya kurudi kila majani yanapopukutika, na kila theluji inapoyeyuka, kukomba tope na majani yaliyouziba mchirizi, maana mchirizi ulioziba hauzuii chochote. Hii ndiyo kazi iliyo nyingi kuliko zote. Mtu mwenye maili mbili aweza kuwa na michirizi 40 au zaidi, na kila mmoja hudai dakika kumi za jembe, mara mbili kwa mwaka, kwa aushi yake yote.

Vyombo vyao ni vichache, na karibu vyote wasikilizaji mnavijua: jembe, sururu, sepeto, mtaimbo, mkasi mrefu wa kupunguzia matawi. Kimoja ni kigeni kwetu, nacho huitwa Pulaski, shoka upande mmoja na tezo upande wa pili juu ya mpini mmoja, kwa jina la bwana misitu wa Idaho aliyepata sifa katika moto mkubwa wa 1910, alipowaingiza watu wake ndani ya shimo la mgodi akawaokoa wengi wao. Fundi wa majahazi wa Lamu angekishika mara moja na kujua cha kukifanyia.

Ziko pia alama. Ni mistari myeupe ya rangi, inchi mbili kwa sita, iliyopakwa juu ya miti na mawe kwa kila upande mtu ajiapo, na pale njia inapopinda ghafula hupakwa miwili, mmoja juu ya mwingine. Mwangalizi mpya, kwa wema wa moyo wake, hupaka mno, hata msitu ukawa kama ua wa nyumba uliopakwa chokaa. Mkongwe hupaka kwa uchache, na huanza kwa kukwangua gome taratibu ili rangi ishike bila kuujeruhi mti. Kuna na mabanda ya kulala zaidi ya 250, wazi upande mmoja, na kando ya banda aghalabu pana choo. Sitawaeleza kwa urefu jinsi vyoo hivyo vinavyogeuzwa mbolea kwa vumbi la mbao na upawa mrefu. Itoshe kusema kwamba wako watu wenye shahada na nyumba nzuri mjini ambao huifanya kazi hiyo Jumamosi bila ya kulalamika.

Kazi ya msumeno ina elimu yake. Mahali ambapo njia inapita ndani ya pori lililotengwa kwa sheria ya 1964, misumeno ya injini imekatazwa, na miti hukatwa kwa msumeno mrefu wenye mpini kila upande, watu wawili wakivuta kwa zamu. Kuvuta ni wepesi. Ugumu ni kulisoma gogo. Gogo lililolala juu ya mawe mawili kwa ncha zake, katikati likining'inia, nyuzi zake za juu zimebanwa na za chini zimevutwa; atakayelianza kutoka juu bila ya kutia kabari, atafika nusu ya unene wake na gogo litafumba, na msumeno hautoki. Gogo lililopindwa na mti mwingine huruka likikatwa, na lililo kwenye mteremko hubiringika, basi mkataji husimama upande wa juu. Kwa ajili hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kukata katika misitu ya serikali kabla ya kufundishwa, kutahiniwa na kupewa cheti kinachohuishwa kila baada ya muda, hata kama anakata bure na kwa mapenzi yake. Na kazi haipungui: mihemloki ya milima hiyo imeuawa kwa wingi na mdudu mdogo aliyetoka Asia, nayo miti iliyokufa imesimama huendelea kuanguka mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka.

Wasikilizaji wa Upare watakuwa wameukumbuka msaragambo, watu wa kijiji wanapotoka kwa pamoja kuzibua mfereji au kuitengeneza barabara. Nami nimeukumbuka, lakini tofauti haifichiki: katika msaragambo, maji ya mfereji hufika shambani mwako, na jirani anajua kama hukutokea. Mwangalizi wa kipande cha Virginia humtengenezea mtu kutoka Ohio au Ujerumani, atakayepita hapo kwa muda wa saa moja na hatauliza ni nani aliyeuzibua mchirizi. Kilichowekwa mahali pa jicho la jirani ni daftari la chama.

Serikali ya nchi hiyo haikukaa mbali. Sheria iliyotiwa saini na Rais Johnson tarehe 2 Oktoba 1968 iliifanya kuwa mojawapo ya njia mbili za kwanza za taifa za mandhari. Marekebisho ya 1978 yakatoa fedha za kununua ardhi iliyokuwa mikononi mwa watu binafsi, ambao baadhi yao walikuwa wakiifukuza njia hadi kwenye barabara za magari. Na mwaka 1984 idara ya hifadhi ikatia saini mkataba wa kuukabidhi muungano wa vyama dhamana ya kuisimamia ardhi hiyo. Ni jambo nadra, serikali yenye nguvu kukiri kwa maandishi kwamba elimu ya mahali fulani iko kwa raia. Kabla ya maradhi ya korona, watu wapatao 6,000 walitoa kwa mwaka wa kawaida zaidi ya saa 200,000. Ukizigawa hizo juu ya kilomita 3,500, kila kilomita inakula saa 57 hivi za mwanadamu kila mwaka, ili ibaki tu kuwa kilomita.

Lakini hesabu hiyo ina sumu yake. Mwenye kupanga matumizi ya serikali akiisha kuziona saa 200,000 zisizolipiwa, hushawishika kuzihesabu kuwa ni mapato, na kila anapotakiwa kupunguza watumishi wa misitu hukumbuka kwamba wako watu wa hiari. Naona hilo ni kosa, maana saa hizo zimesimama juu ya mabega ya watumishi wachache wanaolipwa: wanaotoa vyeti vya misumeno, wanaopima madaraja, wanaopeleka zana. Aghalabu wenye kujitolea ni wastaafu, watu walio na Jumanne iliyo wazi, na magoti ya wastaafu yana mpaka ambao hauongezwi kwa kusifiwa.

Mpaka huo ulidhihirika mwishoni mwa Septemba 2024, kimbunga Helene kilipopanda kutoka Florida na kumwaga mvua yake juu ya North Carolina, Tennessee na Virginia. Njia ikafungwa kwa mamia ya maili. Miti ililala si mmoja mmoja bali misitu kwa misitu, vipande vya njia vikaporomoka pamoja na mlima, na karibu na mji wa Erwin daraja la Chestoa, ambalo kwalo wapita njia walivuka mto Nolichucky, likachukuliwa na maji, hata mwaka uliofuata wakawa wanavushwa kwa mashua. Daraja la gari halijengwi na mwangalizi mwenye jembe, na gogo lililofungamana na magogo hamsini si la mwanafunzi; ilibidi kungojea wahandisi, na vikosi vya wakataji waliohitimu, wa kulipwa na wa kujitolea pamoja, kabla ya waangalizi kuruhusiwa kurudi kwenye vipande vyao.

Waliokuja na misumeno walikuja kutoka mbali, kama watu wanavyokuja penye msiba. Ningekuwa na cheo katika mojawapo ya vyama vile, ningewapokea kwa shukrani, kisha kabla hawajaondoka ningewafungulia daftari na kuwaonyesha vipande visivyo na jina, kwa sababu udongo uliolegezwa na mvua ile utakuwa ukiteremka ndani ya michirizi kwa misimu mingi. Vipande vya namna hiyo vyama huvitangaza waziwazi. Atakaye huandika barua, hutembezwa siku moja na mwangalizi mwenye uzoefu, hupewa jembe, ramani na mipaka yake, na huambiwa tarehe ya kuleta hesabu ya saa.